Kopo la biskuti: uchambuzi wa mtutu uliopasuka Mwakirunge

Nilipoiona bunduki mara ya kwanza ilikuwa juu ya meza ya kituo cha polisi, ndani ya mfuko wa nailoni, imefungwa kikaratasi chenye namba. Mtutu wa kulia ulikuwa umefumuka ubavuni kama ganda la mbaazi bichi lililominywa kwa dole gumba, midomo ya chuma imejikunja nje. Wa kushoto ulionekana mzima. Afisa aliyesimama nami aliniuliza swali ambalo familia nzima ilikuwa imekwisha kulijibu: "Ni zile risasi za kuchezewa, sivyo?"

Sikumjibu siku ile. Jibu lilinichukua wiki tatu, na lilikuwa hapana, lakini hapana yenye maelezo marefu.

Mimi si mtu wa bunduki. Kwa miaka 26 kazi yangu hapa Mombasa imekuwa vyombo vya shinikizo: boila za meli, mitungi ya hewa, mabomba ya mvuke. Kitu kikipasuka naitwa kusoma chuma, maana chuma kikivunjika huacha maandishi. Wakili wa familia alinifuata kwa sababu mtutu wa bunduki, ukiuvua sifa zake zote, ni bomba la shinikizo lililozibwa upande mmoja. Niliruhusiwa kuiona bunduki mara mbili, afisa akiwapo. Majina nimeyaondoa yote. Aliyeumia ndiye aliyenisihi nikiandike kisa hiki.

Siku yenyewe

Shamba liko Mwakirunge, upande wa Kisauni, kwenye minazi, mahindi na mihogo, na tumbili wasiochoka. Mwenyewe ni mzee wa miaka 71. Ana cheti cha bunduki ambacho hukihuisha kila mwaka, na bunduki ni ya mitutu miwili iliyolala ubavu kwa ubavu, geji 12 (geji ni kipimo cha upana wa mtutu), ya Uingereza, ya kukunja katikati na kutia risasi kwa mkono. Huipiga hewani mara chache kwa mwaka, tumbili wakizidi. Risasi zake za halali hukaa kwenye kasha la chuma lenye kufuli.

Kopo lilikuwa jambo jingine. Lilikuwa kopo la biskuti la marehemu kaka yake, mwindaji wa enzi zile kabla uwindaji haujapigwa marufuku nchini mwaka 1977. Marehemu alikuwa na bunduki zaidi ya moja. Bunduki zilikwisha kuondoka nyumbani miaka mingi. Kopo likabaki juu ya kabati, likahama nyumba mbili, likaishia stoo ya shamba. Sheria ya silaha ya Kenya, Sura ya 114, hutaka cheti kitaje hata idadi ya risasi ambazo mtu anaruhusiwa kuwa nazo, na kopo lile halikuwa kwenye cheti chochote. Mzee alilijua hilo. Aliniambia alikuwa akiingoja siku ya kulipeleka kituoni, na siku hiyo ikawa inasogea mbele tu.

Mpwa wake, kijana wa miaka 29, alikuja kumtembelea Jumamosi moja. Alikuwa ametazama video nyingi za watu wa ng'ambo wanaopiga risasi zisizo za kawaida, maganda yaliyotiwa vitu ambavyo havikuumbiwa bunduki, kisha huonyesha pole pole jinsi vinavyopasua tikiti maji. Kopo lilipofunguliwa aliona risasi za rangi tofauti, nyingine zimechujuka, na mbili ambazo midomo yake ilikuwa imezibwa kwa nta na kipande cha gazeti, dalili kwamba zimechezewa.

"Mjomba, hebu tuzijaribu hizi."

Mzee alikataa, kisha akakubali. Hili alinisimulia akiwa ameinamisha kichwa, na sikuona haja ya kumwongezea neno. Mpwa hakuwa na cheti, kwa hiyo hata kuishika bunduki hakuruhusiwa. Suala hilo lilikwenda njia yake ya kisheria na silirudii hapa.

Zile mbili za nta zilipigwa kwanza. Moja ilimsukuma begani kuliko alivyotarajia. Ya pili ililia kwa sauti nzito, ya chini, kama mlango wa stoo uliofungwa na upepo. Wakacheka. Kisha mpwa akataka arekodiwe kwa simu, na kijana anayelima pale shambani akapewa kazi ya kushika simu. Video ina sekunde 14. Inaanza bunduki ikiwa imekwisha kufungwa. Mpwa anaiinua begani, anavuta kifyatulio cha mbele, na picha inaruka.

Mpigaji wa mkono wa kulia huikamata bunduki ya namna hii kwa kiganja cha kushoto chini ya mitutu: dole gumba hukaa ubavu wa kushoto, vidole vinne ubavu wa kulia. Mtutu uliopasuka ni wa kulia. Vidole viwili havikuokoka, na cha tatu hakikunji.

Aliyeulizwa mwisho

Maelezo matatu yalikuwa mezani nilipoanza. La kwanza ni la familia: risasi ya nta ilikuwa na nguvu kupita kiasi. La pili lilitoka kwa jamaa mmoja anayejua bunduki kidogo: ile ya pili, yenye sauti nzito, ilikuwa dhaifu, kizibo chake kikabaki ndani ya mtutu, na risasi iliyofuata ikakigonga. La tatu lilikuwa langu, nalo lilikuwa la mazoea ya kazi: chuma kikuukuu cha pwani, kutu ya ndani, ufa wa siku nyingi.

Hilo la pili halikuwa la kupuuzwa. Bunduki ikilia vibaya, au ikilia kwa sauti ndogo kuliko kawaida, huenda kuna kitu kimebaki njiani, na risasi inayofuata hukikuta. Anayejua kazi husimama hapo hapo, huelekeza mdomo wa mtutu mahali salama, hutoa kila kitu, kisha hutazama ndani kutoka nyuma mpaka aone mwanga. Wao hawakufanya hivyo.

Lakini kulikuwa na mtu ambaye hakuna aliyemuuliza zaidi ya "simu iko wapi?" Kijana wa shamba si msemaji. Nilikaa naye chini ya mwembe tukamenya madafu, na nilimwomba anieleze si mlipuko bali dakika tano kabla yake. Akaeleza kwa utaratibu wa mtu aliyezoea kutazama. Baada ya zile mbili, mpwa alichukua nyingine, "ile ya manjano." Akaitia. Akafunga. Akavuta. Ikalia tk. Akafungua, ndani hamna kitu. Mzee akamwambia, "Hukutia." Mpwa akasema, "Nimetia, Mjomba." Wakatazama chini mchangani, hawakuona kitu. Mzee akarudia, "Hukutia wewe." Akachukua nyekundu, akaitia, akafunga, kisha akasema, "Sasa rekodi."

Nilimuuliza kama ana hakika na rangi. Akasema mbivu kama embe. Nikaacha kumenya dafu.

Ratili moja ya madini ya risasi

Geji ni hesabu ya zamani na ni rahisi. Chukua ratili moja ya madini ya risasi, uigawe tufe 12 zilizo sawa: upana wa tufe moja ndio upana wa mtutu wa geji 12, kama milimita 18.5. Igawe tufe 20, utapata geji 20, kama milimita 15.6. Ndiyo maana namba ikikua mtutu hupungua, jambo ambalo huwachanganya wengi.

Mtutu hauna upana mmoja kutoka mwanzo hadi mwisho. Nyuma kabisa kuna chemba, pale ganda linapolala, na chemba ya geji 12 ni pana kidogo kuliko mtutu wenyewe, zaidi ya milimita 20. Mbele yake bomba hubana pole pole mpaka kufikia 18.5. Mimi huliita eneo hilo koo. Sasa ganda la geji 20 lina ukingo kwenye kitako chake wenye upana wa milimita 19 na kitu. Linapita kwenye chemba bila kugusa, linateleza, linafika kooni na kukwama. Kwa chemba ni dogo mno, haliwezi kushikwa. Kwa mtutu ni kubwa mno, haliwezi kupita.

Mtu akilitia bila kutazama, hulisikia likiingia. Akifunga na kuvuta, pini haigongi kitu. Akifungua, chemba iko tupu mbele ya macho yake, na kwa kuwa anatafuta risasi mahali risasi zinapokaa, hamalizi kutazama. Sentimita saba mbele, kizani, kipo kizibo cha shaba na plastiki, na ndani yake kuna baruti na fataki nzima, yaani kile kiwashio cha kitakoni kinachogongwa na pini.

Je, risasi ya geji 12 inaweza kuingia nyuma yake na bunduki ikafunga? Hapa nilitaka kuwa na hakika, kwa sababu hoja yote ingeangukia hapo. Alama kwenye mitutu zilionyesha chemba ya inchi 2¾, yaani milimita 70. Lakini 70 ni urefu wa ganda lililokwisha kufunguka. Kabla ya kupigwa, mdomo wake umekunjwa ndani, na urefu wake ni chini ya milimita 60. Kwa hiyo inaingia, na nafasi inabaki. Bunduki hufunga vizuri kabisa, kwa sauti ile ile ya kila siku.

Watengenezaji walilijua tatizo hili zamani, na ndiyo sababu tangu miaka ya 1960 maganda ya geji 20 yamezoeleka kuwa ya manjano. Rangi ile si pambo. Ni onyo. Mpwa aliiona akadhani ni aina nyingine ya risasi ya kujaribu, sawa na zile za nta, maana kwenye kopo kila kitu kilikuwa kigeni kwa kiasi kile kile.

Maandishi ya chuma

Ushahidi wa mtu mmoja, hata awe mtazamaji mzuri, hautoshi. Nikarudi kwenye bunduki.

Kitako cha ganda jekundu kilikuwa bado ndani ya chemba. Shaba yake haikutanuka isivyo kawaida, na fataki ilikuwa na kidimbwi cha pini na kingo zake za mviringo. Risasi yenye shinikizo la kupita kiasi husaini hapo kwanza: fataki hulalia bapa, shaba hutiririka kuelekea kwenye tundu la pini. Chemba niliipima kwa kalipa nikailinganisha na ya kushoto. Tofauti ilikuwa ya unywele. Shinikizo la risasi hufika kileleni mapema sana, ndani ya sentimita chache za mwanzo. Kama nyekundu ingekuwa na nguvu za ajabu, chemba ndiyo ingetoa habari. Ilikuwa kimya. Ile ilikuwa risasi ya kawaida mpaka ilipokutana na ukuta.

Mpasuko ulianza kiasi cha sentimita 9 kutoka nyuma ya mtutu na kuisha kwenye 15, mahali hasa ambapo ganda la geji 20 lingelala kama kitako chake kimekwama kooni. Uso wa chuma kilichovunjika ulikuwa mpya na wa kijivu king'avu tangu ndani hadi nje, na midomo ilikuwa imekatika kwa mshazari, kama chuma kizuri kinavyokatika kikilazimishwa. Hapakuwa na ukanda wa kutu wala alama ya ufa wa zamani. Hapo nadharia yangu mwenyewe ilikufa. Fundi wa Uingereza aliyeutengeneza mtutu ule hakuwa na kosa.

Kooni, chini ya kioo cha kukuza, kulikuwa na mkwaruzo wa shaba uliopakwa juu ya chuma, duara karibu kamili. Na kwenye ukunjo mmoja wa mpasuko palinasa uzi wa plastiki ya manjano usiozidi punje ya mchele.

Kilichobaki ni kitako chenyewe. Siku ya pili tulikwenda Mwakirunge pamoja na afisa, tukaweka kamba kuzunguka pale mpigaji aliposimama, na kijana wa shamba akauchekecha mchanga kwa chekeche la kokoto. Alikipata saa tisa alasiri. Kikombe cha shaba kilichobanwa kikawa yai, na kwenye kitako, wazi, namba 20 imepigwa mara mbili. Fataki yake haikuwa na kidimbwi cha pini. Uso wote ulikuwa umesagwa bapa. Haikugongwa na pini ya bunduki yoyote. Iligongwa na mzigo wa risasi nyekundu uliotoka nyuma yake.

Afisa alikigeuza kwenye kiganja chake mara kadhaa. "Kwa hiyo zile za nta hazihusiki."

Nilimwambia asiliandike hilo bado.

Mtutu wa kushoto

Kila mtu alikuwa ameutazama mtutu uliopasuka. Wa kushoto ulisifiwa kuwa umesalimika. Niliuelekeza dirishani baada ya bunduki kukaguliwa na kuthibitishwa kuwa tupu, nikauzungusha taratibu. Mtutu mzima ukiutazama ndani kuelekea mwanga huonyesha miduara ya kivuli iliyopangika vizuri. Huu ulikuwa na pete moja nyeusi iliyovuruga mpangilio, karibu na mdomo. Nikapitisha vidole nje: kulikuwa na uvimbe ambao jicho halikuuona lakini ngozi iliusikia. Na pale pale kulikuwa na nta imegandia.

Zile risasi mbili zilipigwa kwa mtutu wa kushoto, zote. Wa kulia haukuwa na chembe ya nta. Kwa hiyo nadharia ya jamaa kuhusu kizibo kilichobaki nayo ilianguka, maana kizibo cha mtutu mmoja hakiwezi kuzuia mwingine. Lakini pete ile ilisema kwamba risasi za kuchezewa zilikuwa zimekwisha kuiharibu bunduki kabla ya ile ya manjano kuguswa. Mdomo wa mtutu wa namna hii hubana tena, wakati mwingine kiasi cha milimita moja nzima, ili kukusanya marisawa yasitawanyike mapema. Marisawa ni punje. Yanabanana na kupita. Yakigandishwa kwa nta yakawa kitu kimoja hayana pa kujipangia, na chuma ndicho kinachotoa nafasi.

Bunduki moja ilikuwa na madhara mawili, kila moja likiwa na asili yake, na lile la kushoto lingeweza kuwa kubwa kama si bahati. Nilisisitiza yaandikwe kama mambo mawili. Ripoti ingesema tu "risasi za kuchezewa," familia ingezitupa hizo na kubaki na nyingine zikiwa na sura ya usalama. Ndani ya kopo zilikuwa zimesalia risasi 19: nyekundu 11, kijani 8 ukihesabu haraka. Ukizipeleka juani, kijani zilikuwa 6 na mbili ni za manjano zilizochujuka zikaingia ukijani. Hizo mbili ndizo zilizoninyima usingizi.

Kushindilia na kujaribu

Mzee aliwahi kuniambia, kwa uchungu zaidi kuliko ubishi, "Mwanangu, babu zetu walishindilia wenyewe. Baruti kwa kiganja, marisawa kwa kiganja, na tuliishi."

Ni kweli, na katika mji huu uliozingirwa na mizinga ya Fort Jesus tangu miaka ya 1590 hilo si hadithi ya mbali. Lakini gobore lilikuwa na baruti nyeusi, ambayo nguvu zake hazipandi kwa ghafla kama za hii ya sasa. Mwaka 1884 Mfaransa Paul Vieille alitengeneza baruti isiyotoa moshi, na tangu hapo mambo yalibadilika. Baruti hii kadiri inavyobanwa ndivyo inavyowaka kwa kasi, na kadiri inavyowaka kwa kasi ndivyo inavyobanwa. Uzito wa mzigo, ugumu wa kizibo, namna mdomo wa ganda ulivyofungwa: kiwandani vyote hivi hulinganishwa pamoja. Kubadilisha kimoja ni kubadilisha hesabu yote, na mabadiliko hayapandi ngazi moja moja. Huruka.

Kiwango cha kimataifa kinachosimamiwa na C.I.P., chombo kilichoanzishwa Liège, Ubelgiji, mwaka 1914, huruhusu risasi ya kawaida ya geji 12 kufika bar 740. Tairi ya gari dogo ni bar 2 na kitu. Boila niliyofundishiwa kazi ilikuwa ya bar 10, na tuliiheshimu kama simba. Hapa ni 740, kwenye bomba ambalo mbele ya koo unene wake ni milimita chache, chini ya vidole vya mtu.

Kwa hiyo neno kujaribu lina uzito wake. Bunduki ya Mzee ilikuwa na alama ya taji na herufi BNP, ya nyumba ya uthibitisho ya Birmingham, iliyoundwa kwa sheria mwaka 1813. Maana ya alama hiyo ni kwamba kabla haijauzwa ilipigwa risasi maalumu yenye shinikizo kubwa kuliko la kazi, mtu akiwa amejikinga, kisha ikakaguliwa kama imevimba. Risasi nazo hupimwa kwa mtutu mnene wa maabara uliotobolewa ubavuni na kutiwa kipimo. Zamani kilikuwa kipande cha shaba nyekundu kilichosagwa na gesi kikapimwa ufupi wake. Siku hizi ni fuwele inayotoa umeme ikibanwa, na huchora mchoro wa jambo linalomalizika ndani ya elfu chache za sekunde. Hakuna bega lililowekwa nyuma ya kitu kinachochunguzwa.

Nilitazama baadhi ya video alizotazama mpwa. Wale walio makini hufunga bunduki kwenye stendi, hujificha nyuma ya kinga na kuvuta kwa kamba, na huchagua bunduki wasiyoijali. Lakini kamera hukaa kwenye tikiti maji. Stendi huonekana kwa sekunde mbili pembeni mwa picha, na kijana wa Mombasa anayetazama kwa simu haioni. Naamini kabisa kwamba kama kamera ingeonyesha kamba kwanza, mpwa angejua kwamba hana vifaa vya kazi ile. Si mjinga. Ni fundi wa majokofu, anajua mtungi wa gesi ni nini. Hakuna aliyemwonyesha kwamba mkononi mwake alikuwa na mtungi wa bar 740.

Kopo lilichukuliwa na polisi likapelekwa kwa wachunguzi wa silaha Nairobi pamoja na maganda yote. Kabla halijaondoka niliomba risasi zipimwe uzito tu, bila kufunguliwa, na ndani ya rangi moja tulipata mbili nyekundu zilizopishana kwa zaidi ya gramu 6. Risasi za kiwanda kimoja na aina moja hazipishani hivyo. Marehemu, au mtu mwingine, alikuwa amechezea nyingi kuliko zile mbili zenye nta, na hizi hazikuwa na dalili yoyote kwa nje. Mzee aliposikia hilo alinyamaza muda mrefu. Kisha akauliza, "Basi ningezijuaje?" Nikamwambia ukweli: usingeweza, Mzee. Hata mimi nisingeweza. Risasi ikishatoka kwenye boksi lake ikachanganywa na nyingine, kituo cha polisi ndicho mahali pake, na kabla ya kuzibeba ni kupiga simu waje au waeleze namna ya kuzileta. Akauliza tena kama mtutu wa kushoto unaweza kunyooshwa ukatumika peke yake. Mitutu ile miwili imeunganishwa kwa moto katika urefu wake wote. Joto na mshtuko wa upande mmoja umeingia upande wa pili, na pete haiondoki. Nilimwambia bunduki imekwisha.

Kwenye mashine

Mpwa alikuja karakana kwangu baada ya bendeji kutolewa, pamoja na Mzee. Alikuwa na swali moja, na nadhani alikuwa amelibeba tangu hospitali: "Injinia, mimi nilitazama. Nilifungua nikatazama. Mbona sikuiona?"

Kulieleza kwa maneno nilishindwa. Nilikuwa nimekereza bomba la shaba la mabaki ya meli, urefu wa shubiri tatu, na ndani nikaweka vipimo vya chemba, koo na mtutu. Halikuwa bunduki na lisingeweza kuwa. Nikakereza pia kipande cha mninga chenye umbo la ganda la geji 20, nikakipaka rangi ya manjano. Nikampa bomba, nikalidondosha lile ganda la mti kwa nyuma. Lilishuka, likalia tk.

Mzee aligutuka kwa sauti ile.

"Tazama," nikamwambia mpwa. Akatazama chemba. Tupu. Ukuta wa shaba uling'aa pande zote. Akaniangalia.

"Usitazame chemba. Tazama dirishani, kupitia humo."

Akaliinua kwa mkono wa kulia, akaliegemeza juu ya ule wa kushoto uliobaki na vidole viwili na gumba, akafumba jicho moja. Nje kulikuwa na jua la saa sita na bahari nyeupe. Alikaa hivyo muda. Kisha akamsogezea mjomba wake bomba, bila kulishusha, ili naye aone kiza.